Kitambaa Chekundu cha Mama Mkubwa

Novemba 5, 2006, Jumapili

Daftari hili kanipa mwalimu Caetano, aliyetumwa kutoka jijini kutufunza kompyuta. Anasema mlinzi wa kituo kipya cha kompyuta aandike kila kinachotokea, hata upuuzi. Haya, upuuzi wa leo ndio huu: kompyuta kumi kuukuu zimevuka mto kwenye kivuko cha Jurandir, zimefunikwa turubai na majani ya migomba, na Jurandir njia nzima anapiga kelele kwamba zikizama atadai kivuko kipya serikalini. Mlinzi ni mimi, Divanir, kwa sababu nilipiga chapa miaka sita katika duka la mjini kabla ya kurudi nyumbani na mikono mitupu.

"Wewe ndiye mwenye vidole," Mama Mkubwa alisema mbele ya watu wote. Mama Mkubwa ni Leocádia, dada wa marehemu mama yangu na mwenyekiti wa chama cha kijiji. Akishasema, limesemwa.

Mvua imeanza.

Novemba 8, Jumatano

Caetano ametueleza mfumo mpya tutakaouweka kwenye hizo mashine. Jina lake Linux. "Huu hauna bwana," alisema. "Unaunakili, unampa jirani. Ukitaka unaupasua tumbo, unautengeneza upendavyo. Hakuna wa kukukamata."

Nikadhani hawajaelewa. Kisha Mzee Horácio Furquim, miaka tisini na mmoja, akacheka kwa ufizi mtupu. "Mwanangu, umetoka huko kote kuja kutueleza ardhi yetu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Ni kweli, kwetu ardhi haina bwana mmoja. Mababu walipowakimbia wenye watumwa wakaja kujificha kwenye bonde hili, walilima pamoja, na mpaka leo hakuna aliyeuza hata shibiri. Caetano aliyaandika maneno ya mzee kwenye kiganja chake kwa kalamu. Nilimpenda sana saa ile, nakiri.

Jurandir tu ndiye aliyeuliza, "Na kitu kisicho na bwana kikiharibika, tunakwenda kulia kwa nani?"

Nikamwambia arudi kwenye kivuko chake.

Novemba 11, Jumamosi

Leo ilikuwa ujima. Caetano alisema tuna siku moja ya kuweka mfumo kwenye mashine zote, Mama Mkubwa akajibu kwamba kazi ya siku moja ya watu wote ina jina lake, akaita kijiji kizima kama anaita wafyekaji. Wanawake wakateleka maharage na nguruwe. Wanaume wakabeba meza. Mama Mkubwa mwenyewe alikaa na mwiko nyuma ya kituo tangu asubuhi.

Nikaanza mwanzo wa safu, kama shambani. Kwenye ujima unakwenda mstari kwa mstari mpaka wa mwisho, na humruki mtu, maana kumruka ni kumtukana. Mashine ya kwanza: weka CD, subiri, herufi nyeupe kwenye weusi, kisha swali. *Ufute vyote vilivyomo kwenye diski?* Ndiyo. Mashine ya pili, ndiyo. Kufikia ya tano vidole vilikuwa vinajua njia vyenyewe, na watu wakawa wanaitikia nyuma yangu, "Ndiyooo!" kama kanisani.

Nilipomaliza ya kumi, Jurandir akaingia na ya kumi na moja mabegani, ile ya chama inayokaa nyumbani kwa Mama Mkubwa. "Mama kasema na hii isiachwe nje, isafishwe minyoo." Virusi ndivyo anavyoviita minyoo. Mbele, pale pa kuingizia CD, ilifungwa kitambaa chekundu kwa mafundo mawili. Nikakifungua, nikafutia vumbi la skrini.

Ndiyo.

Saa tisa alasiri skrini kumi na moja zilikuwa zinaonyesha ndege wa Linux, yule mnene mweusi mwenye tumbo jeupe. Caetano alikuwa amekwenda kula, akarudi mdomo umejaa maharage, akanikumbatia. Watu wakapiga makofi. Nimeshiba, nimechoka, nina furaha kuliko siku yoyote tangu nirudi kijijini.

Novemba 12

Mgongo unauma. Mvua.

Novemba 15

Sauti haitoki kwenye mashine hata moja. Caetano amesharudi jijini. Nimefungua kila kitu kinachofunguka. Bubu zote.

Novemba 17

Kumbe sauti ilikuwa imezimwa tu, kwenye kijisanduku kidogo ambacho hakuna mtu aliyeniambia kipo. Siku mbili za maisha yangu! Lakini nimekiona mwenyewe, bila mwalimu. Na dada Divanir sasa ni fundi, msalimieni.

Novemba 21

Ile ya chama ndiyo yenye kasi. Nimeifanya yangu. Nimeijaza michezo ya watoto, nyimbo za kanisa, na picha zote za ubatizo wa Jumapili.

Novemba 26

Mvua.

Desemba 2, Jumamosi

Sijui nitaandikaje.

Mama Mkubwa alikuja asubuhi, kajifunika gunia kichwani, miguu matope mpaka magotini. Alikuwa na furaha. Barua imefika: maofisa wa ardhi watakuja Machi 14 kupima mpaka wetu na kusikiliza ushahidi. Jirani mmoja, mfugaji wa nyati wa maji, anadai upande wote wa ng'ambo ya Kijito cha Mawe ni wake. Sisi tunasema ni wetu tangu mababu, na makaburi ya kwanza yako huko.

Alivuta kiti akakaa karibu yangu. "Haya, nifungulie wazee."

"Wazee gani, Mama Mkubwa?"

"Wazee wangu. Wamo humu." Akaigonga mashine ya chama kwa kifundo cha kidole, kama anagonga mlango wa jirani.

Miaka tisa alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba na kinasa sauti kidogo alichopewa na mapadri. Yeye herufi kazijua akiwa na miaka sitini, anaandika jina lake basi, kwa hiyo aliwanasa sauti. Wazee kumi na saba. Kila mmoja alieleza mpaka unapita wapi, nani alizikwa wapi, babu yake alimwonyesha jiwe lipi. Kinasa kikijaa, mpwa wake mwingine anazihamishia kwenye mashine, kisha anakifuta ili kinase mwingine. Nilijua habari hii! Kijiji kizima kinaijua. Sikujua tu, au sikutaka kufikiri, wanakaa wapi.

Kati ya hao kumi na saba, kumi na sita wameshakufa. Kabaki Mzee Horácio.

Nikafungua kila chumba cha mashine. Picha za ubatizo. Michezo. Nyimbo. Nikafungua tena vilevile. Yeye anasubiri tu, kajikunyata kwenye kiti, anatabasamu na yule ndege.

"Mama Mkubwa," nikasema, "siku ya ujima nilifuta."

"Ulifuta minyoo."

"Nilifuta vyote."

Hakunielewa. Nikamweleza tena. Nikamweleza mara ya tatu, nalia. Akasema polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawa, "Lakini mimi nilifunga kitambaa."

Alifunga kitambaa.

Kuna jambo lazima niliandike hapa, hata kama hakuna mtu wa kwetu asiyelijua. Siku moja kabla ya ujima, mwenye shamba huzunguka peke yake na vitambaa vyekundu. Mche wa dawa, mnazi mchanga, boga lililojiotea, chochote asichotaka kikatwe hukifunga kitambaa. Wafyekaji wanapita na mapanga bila kuuliza, maana kilichofungwa kinajisemea. Mimi nilipigwa kiganjani nikiwa na miaka saba kwa kukata mche uliofungwa. Mimi! Na nilikifungua kitambaa kile kwa mikono yangu, nikafutia vumbi.

Mama Mkubwa alijifunika gunia lake akaondoka. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Desemba 4

Nakala! Nimekumbuka Mama Mkubwa aliwahi kumtengenezea wakili wa chama CD ya wazee wote, mwaka juzi. Jurandir kanivusha bure bila kufungua mdomo. Wakili katafuta kabatini, kaitoa. Imeota ukungu kama mkate. Unyevu wa bonde hili unakula kila kitu. Tuliipangusa, tukaijaribu kwenye mashine tatu. Haikusoma.

Desemba 5

Nimempigia Caetano simu kutoka mjini. Jambo la kwanza alilosema: "Hukuweka nakala, Divanir?" Nikakata. Mtu niliyemwona malaika! Alituambia tubonyeze ndiyo, ndiyo, ndiyo, halafu akaenda kula.

Desemba 9, Jumamosi

Kwetu ukikata kilichofungwa, hulipishwi pesa. Kila Jumamosi unakwenda kumlimia mwenye shamba, na yeye hakusemeshi mpaka siku mwenyewe aone imetosha. Nimekwenda. Shamba la Mama Mkubwa liko ng'ambo ya Kijito cha Mawe, mpunga na mihogo. Alikuwa mwanzo wa mstari mmoja, mimi mwanzo wa mwingine. Vitambaa vyekundu vilikuwa kila mahali. Sijakata hata kimoja, asante Mungu, ila sasa inasaidia nini.

Desemba 11

Watu wananiita Bi Ndiyo. Kaanza Jurandir, si mwingine.

Desemba 16, Jumamosi

Shambani asubuhi. Hakunisemesha.

Alasiri Caetano kafika bila kuitwa, kalowa chapachapa. Kasafiri mwendo wa saa tisa. Macho yamemvimba. "Nilipaswa kukaa chumbani," alisema mlangoni, kabla hata ya salamu. Nilikuwa nimemwandalia maneno wiki nzima, nikashindwa kuyasema.

Amekuja na CD nyingine. Anasema kilichofutwa hakiondoki siku ileile, kinabaki chini kama mizizi mpaka kipandwe kitu kingine juu yake. Akaniuliza nimepanda nini juu yake. Nikamwonyesha michezo, nyimbo, picha za ubatizo za wiki tatu. Akakaa chini sakafuni.

Desemba 18

CD ya Caetano imeanza kuchimba. Mashine ni kongwe, diski ina majeraha, itachukua siku tatu bila kuzimwa. Kwenye skrini kuna namba tu. Asilimia 4.

Desemba 19

Asilimia 31 saa sita mchana. Radi. Umeme umekatika. Ukirudi, inaanza upya. Sifuri.

Desemba 21

Asilimia 44. Umeme. Sifuri.

Desemba 22

Asilimia 9. Sifuri.

Desemba 23, Jumamosi

Shambani. Mto umepanda mpaka kwenye mizizi ya migomba. Nikamwambia Mama Mkubwa tunachimba, huenda tukapata. Alikuwa anang'oa gugu. Aliendelea kung'oa.

Desemba 25

Krismasi. Caetano hakurudi kwao. Kakaa mbele ya namba kama mtu anayeuguza. Mama yake kampigia simu kwenye kibanda cha shule, nikamsikia anasema, "Siwezi, mama, siwezi." Nimempelekea kuku na unga wa muhogo. Asilimia 52. Simchukii tena, na hilo nalo limeniuma, maana chuki ilinipa pa kushika.

Desemba 26

Sifuri.

Januari 3

Jurandir kaja na betri mbili kubwa za lori na kile kidude cha kugeuza umeme alichokuwa anakitumia kwenye kivuko. Kivuko hakivuki tangu mto ufurike, anasema, betri zinalala tu. Nikamshukuru.

"Usinishukuru, Bi Ndiyo. Na baba yangu yumo humo."

Sikuwa nakumbuka. Baba yake ni wa nne kati ya wale kumi na saba.

Januari 4

Asilimia 38.

Januari 5

Asilimia 71. Radi, umeme ukakatika, mashine haikuzima. Caetano alipiga magoti kweli.

Januari 6

Asilimia 100.

Januari 7, Jumapili

Vipande elfu tatu na mia mbili, vyote bila majina. Vingi ni picha zangu za ubatizo, na kila nikifungua naona tena mtoto yuleyule kwenye maji, nikawa natamani kuipiga mashine ngumi. Saa nane mchana Caetano akafungua kipande, jogoo akawika. Kisha sauti ya Mama Mkubwa, changa kidogo: "Leo tuko kwa Baba Teodoro Furquim. Baba, mpaka wetu unapita wapi?" Mtu akakohoa, akavuta pumzi ya kusema.

Basi. Imekatika.

Jurandir alikuwa amesimama mlangoni. Teodoro ndiye baba yake. Akasema tuirudie. Tukairudia. Akasema tena. Mara ya sita akatoka, akasimama kwenye mvua.

Januari 10

Tumemaliza vyote. Caetano anasema kila rekodi mwanzo wake ulikaa sehemu moja, na mwili wake sehemu nyingine, na mwilini ndimo nilimopanda picha zangu. Tumepata mianzo kumi na mmoja. Kila mmoja ni Mama Mkubwa anauliza swali, halafu pumzi, halafu kimya. Maswali kumi na moja bila jibu hata moja.

Nimempelekea Mama Mkubwa mashine nyumbani, nimemsikilizisha. Kaketi wima mpaka mwisho. Kisha kaizima yeye mwenyewe, kwa kitufe, kama nilivyowafundisha watoto.

Januari 13, Jumamosi

Shambani.

Januari 20, Jumamosi

Shambani. Mvua. Kaniachia kahawa kwenye kisiki, ya moto, bila neno. Nilikunywa nikilia kama mjinga.

Februari 6

Mzee Horácio. Tulikwenda mimi na Caetano kumnasa upya. Nilijaribu sauti mara tatu kabla, nikaangalia kile kijisanduku. Yeye alitutazama akiwa kitandani.

"Nilishasema."

"Ilipotea, babu. Niliipoteza mimi."

"Najua, hakuna asiyejua." Akacheka, akakohoa. "Siku ile nilipomwambia Leocádia, kaka yangu Teodoro alikuwa hai. Nikisahau jiwe, yeye ananikumbusha. Nikisahau jina, yeye analo. Tulikuwa tunakumbuka wawili. Sasa unataka nikumbuke peke yangu?"

Hata hivyo alijaribu. Alisema jiwe la kwanza, la pili. La tatu aliliweka upande wa kijito ambao hata mimi najua sio. Akajua kakosea, akaanza upya, akalipeleka kwingine. Akageukia ukutani. "Mwanangu, niache."

Rekodi ipo, dakika kumi na tisa. Nimeitengenezea nakala nne. Nakala nne za mzee anayepotea njia.

Februari 17, Jumamosi

Shambani. Mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Kaniachia kahawa.

Machi 3, Jumamosi

Shambani. Leo kanisogezea maji kwa mguu. Nahesabu vitu kama hivyo, ndiko nilikofikia.

Machi 14, Jumatano

Maofisa wa ardhi wamekuja wanne, na wakili wa mfugaji. Ofisa mkubwa ni mwanamke mpole. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu.

Alipouliza ushahidi wa ng'ambo ya kijito, Mama Mkubwa akasimama, kavaa gauni lake la misa. "Divanir, wafungulie."

Nikadhani anataka ile ya Mzee Horácio. "Hapana," alisema. "Zote."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza kuniambia tangu Desemba. Nikafungua. "Leo tuko kwa Baba Teodoro Furquim. Baba, mpaka wetu unapita wapi?" Pumzi. Kimya. Mama Mkubwa akasubiri, kasimama, na kijiji kizima kikasubiri naye. Nikafungua la pili. "Leo tuko kwa Mama Inácia. Mama, walizikwa wapi wa kwanza?" Kimya. La tatu. La nne. Watu walitazama mikono yao. Kwenye la sita Mzee Horácio, waliyembeba na kiti, alisema kwa nguvu, "Yeye alikuwa anajua! Yeye alikuwa anajua!" na hakuweza kusema zaidi ya hapo.

Tulisikiliza yote kumi na moja. Ofisa aliweka kalamu chini. "Mama, maswali ni mazuri sana," alisema, na naamini alisema kwa moyo. "Ila mimi naandika majibu."

Wakatembea mpaka kwenye makaburi. Kuna mawe tu, hayana maandishi. Nani angeyaandika, na sisi wote hatukujua kusoma? Wakili wa mfugaji akasema mawe yapo kila mahali duniani.

Machi 17, Jumamosi

Shambani. Tumeanza kuvuna. Mvua zimepungua.

Machi 24, Jumamosi

Shambani. Mstari wake na wangu ilikutana katikati. Tulikata masuke ya mwisho ya upande ule bega kwa bega.

Machi 29, Alhamisi

Taarifa imefika. Bonde ni letu mpaka Kijito cha Mawe. Ng'ambo, "hakuna ushahidi wa kutosha." Jurandir ndiye aliyevuka nayo, na ndiye aliyeisoma mbele ya kituo. Caetano kapiga simu. Nimemwambia mwenyewe. Alilia, nami nikamsikiliza mpaka salio likaisha.

Machi 30, Ijumaa

Mama Mkubwa kaja kituoni mchana huu. Hakukaa. Alikuwa na kifurushi kwapani, akakiweka mezani kando ya kibodi. Vitambaa vyekundu, vyote, vimekunjwa, bado vina udongo.

"Kesho usije, mwanangu," alisema.

Mwanangu! Miezi minne nimelisubiri neno hilo. Nikamshika mkono, nikaanza kumwambia ahsante, ahsante Mama Mkubwa, umenisamehe. Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Shamba si letu tena," alisema. "Hakuna cha kupalilia."